Gede na makazi ya Wamoravian katika orodha moja ya urithi wa dunia: tuwaeleze vipi wanafunzi?

Mwalimu wa Muyeye aliuliza:

Assalaam alaykum, na salamu kwa wote mnaosoma kutoka Malindi na kwengineko.

Mimi ni mwalimu wa historia katika shule ya sekondari hapa mjini, na nasimamia chama cha wanafunzi kinachoshughulika na mambo ya kale. Kamati ya Urithi wa Dunia ilipokutana New Delhi mwezi Julai 2024, mji wa kale wa Gede uliingizwa katika orodha, ukawa mahali pa nane pa Kenya, baada ya Lamu, Ngome ya Yesu, makaya ya Wamijikenda na pengine panapojulikana. Sisi tulio jirani nao tumekuwa tukiwapeleka watoto kule miaka nenda miaka rudi, kwa hiyo habari hiyo haikuhitaji maelezo mengi. Lililozua mjadala ni kwamba katika kikao hichohicho yaliingizwa makazi matatu ya kale ya Kanisa la Moravian, nayo ni Herrnhut ya Ujerumani, Bethlehem ya Pennsylvania nchini Marekani, na Gracehill ya Ireland ya Kaskazini, yakaunganishwa na Christiansfeld ya Denmark iliyokuwa imeorodheshwa tangu 2015.

Mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu aliuliza: Gede ilijengwa na watu wa pwani hii katika nchi yao wenyewe, lakini Bethlehem ilijengwa na Wazungu waliovuka bahari wakati wa ukoloni wa Waingereza, juu ya ardhi ya watu wengine, tena kwa nia ya kuwabadilisha dini watu hao, sasa imekuwaje miji hii miwili ikawekwa daraja moja na kuitwa urithi wa wanadamu wote? Mwenzake akaongeza kwamba hata hapa Malindi tunatunza nguzo ya Vasco da Gama na kanisa dogo la Wareno, akataka kujua kama sababu ni ileile.

Swali hilo ni zito na sikupenda kulijibu kwa haraka. Naomba wenye ujuzi wanisaidie kuelewa makazi hayo yalikuwa na jambo gani la pekee hata yakastahili kutunzwa, wenyeji na Waafrika walioishi humo wanatajwa vipi, na kama kuna mambo ya pwani yetu ninayoweza kuyaweka kando yake ili mtoto aone kwa macho yake. Nakusudia kuandaa kipindi kizima kabla ya safari yetu ya Gede muhula ujao.

Mtembeza wa Gede alijibu:

Wa alaykum salaam, Mwalimu. Kazi yangu ni kuwatembeza wageni katika magofu ya Gede, na kwa kuwa baadhi ya wageni huniuliza juu ya majirani wetu wapya katika orodha, nimelazimika kujisomea habari zao kwa kina.

Anza na asili yao. Wamoravian hujihesabu kuwa warithi wa Jan Hus, mhubiri wa Prague aliyechomwa moto mwaka 1415 kwa kuwapinga wakubwa wa kanisa la wakati wake. Wafuasi wake waliunda umoja wao mwaka 1457, wakaja kuteswa na kutawanywa, hata mwaka 1722 kikundi kidogo cha wakimbizi kutoka Moravia kilipopewa mahali pa kukaa katika shamba la bwana mmoja kijana wa Saxony, Nikolaus von Zinzendorf. Mahali hapo ndipo Herrnhut. Haikupita hata miaka kumi na moja, mwaka 1732, walikuwa wamekwisha kuwatuma watu wao wa kwanza hadi kisiwa cha St. Thomas katika Karibi kuwahubiria watumwa wa mashamba ya miwa. Mwanafunzi wako aelezwe kwamba watu hawa walikuwa wakimbizi kabla ya kuwa walowezi, kwa sababu bila ya hilo hawezi kuelewa kwa nini walijenga miji yao jinsi walivyoijenga.

Bethlehem ilianza mwaka 1741 kwenye makutano ya kijito cha Monocacy na mto Lehigh. Jina lilitolewa mkesha wa Krismasi wa mwaka huo, Zinzendorf alipokuwa amewatembelea, wakiwa wamekusanyika katika nyumba ya magogo ambamo watu na mifugo walikaa chini ya paa moja. Jengo lao kubwa la kwanza, pia la magogo, lilianza kujengwa mwaka huohuo na lipo hadi leo. Baada ya hapo wakajenga kwa mawe, majumba mazito yenye paa zilizoinuka sana na madirisha madogo juu ya paa, kwa mtindo wa Kijerumani waliokuja nao.

Jambo la pekee ni mpangilio wa maisha ndani ya majumba hayo. Watu hawakugawanywa kwa familia kama tuzoeavyo. Waligawanywa katika makundi kwa umri, jinsia na hali ya ndoa: wanaume waseja nyumba yao, wanawake waseja nyumba yao, wajane wa kike nyumba yao iliyojengwa mwaka 1768, na watoto nao wakalelewa katika makundi yao. Kila kundi lilikuwa na viongozi wake, ibada zake na kazi zake. Hadi mwaka 1762 mji mzima uliishi kwa mfuko mmoja. Mtu hakulipwa mshahara, alifanya kazi akapata chakula, nguo, malazi na malezi ya watoto wake. Nyumba ya waseja wa kiume ya mwaka 1748 sasa inatumiwa na chuo kikuu chao kwa masomo ya muziki, jambo ambalo wenyewe wangelipenda, kwa kuwa walikuwa watu wa kuimba na kupiga tarumbeta katika kila shughuli, ya furaha na ya msiba.

Ukitaka kitu cha kuwaonyesha wanafunzi kwa ukaribu, chukua maji. Mji ulikuwa juu ya kilima na chemchemi ilikuwa bondeni kando ya Monocacy, na mwanzoni maji yalipandishwa kwa mikono. Katika miaka ya 1750 fundi wa vinu aliyeitwa Hans Christopher Christensen alitengeneza mtambo ulioendeshwa na gurudumu la maji, ukasukuma maji ya chemchemi hadi kwenye mnara mjini, na kutoka hapo yakateremka yenyewe hadi majumbani kwa mabomba ya magogo yaliyotobolewa kati kwa kati. Jumba la mawe la mtambo huo, la mwaka 1762, bado limesimama, na kando yake lipo jumba la kutengenezea ngozi la mwaka 1761. Wataalamu huutaja kuwa mfumo wa kwanza wa maji ya mji ya kusukumwa kwa mtambo katika makoloni hayo ya Uingereza.

Sasa waweke wanafunzi mbele ya kisima cha Msikiti Mkuu wa Gede, kilichochimbwa katika mwamba wa matumbawe, na uwaonyeshe kwamba kilizidishwa kina baadaye. James Kirkman, aliyeanza kufukua mji huu mwaka 1948, aliona hapo dalili ya maji kushuka chini ya ardhi, na wapo wanaolihesabu hilo kuwa moja ya sababu za watu kuhama. Katika miji yote miwili utaratibu wa dini na utaratibu wa maji umekwenda pamoja. Gede watu walitawadha, wakajenga visima na vyoo ndani ya nyumba wakati ambapo mahali pengi duniani havikuwapo. Bethlehem maji yaliletwa kwa kazi ya pamoja na yakafika katika nyumba ya kila kundi.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali lako la kwanza ni kwamba kilichotambuliwa ni mji uliopangwa ili imani ya watu ionekane katika mitaa, katika milango na hata katika makaburi, na mpango huo ukapelekwa kutoka nchi hadi nchi bila ya kupoteza sura yake. Ndiyo maana yakaorodheshwa makazi manne kwa pamoja, kwa kuwa moja peke yake lisingeeleza habari yote.

Mzee wa Barani alijibu:

Nimesoma maelezo ya ndugu yetu wa Gede na nimeyafurahia, ila yamepita juu ya swali la mtoto. Mtoto aliuliza kuhusu ardhi.

Bethlehem ilianza na ekari 500 zilizonunuliwa mwaka 1741 kutoka kwa William Allen, tajiri wa Philadelphia. Hati ilikuwa halali kwa sheria ya koloni. Lakini ardhi hiyo imo katika eneo ambalo Walenape, wenyeji wa nchi ile, walinyang'anywa miaka minne tu kabla yake. Mwaka 1737 wana wa William Penn, mwanzilishi wa koloni la Pennsylvania, walidai kwamba iko hati ya zamani inayowapa ardhi kwa kadiri ya mtu atakavyotembea kwa siku moja na nusu. Walenape walidhani ni mwendo wa kawaida wa mtu anayekwenda zake, mwenye kupumzika na kula. Wenye koloni wakaajiri watu wepesi wa mbio, wakawafyekea njia mapema, na mmoja wao akafika zaidi ya kilomita 100. Wamoravian hawakuupanga udanganyifu huo, na nisingependa wasingiziwe, lakini walinunua kilichotokana nao. Sisi watu wa pwani, ambao hadi leo tuna mashamba yanayokaliwa na watu wasio na hati na hati zinazoshikwa na watu wasiokaa, hatuhitaji kufundishwa tofauti kati ya haki na karatasi.

La pili ni utumwa. Watu hawa walihubiri kwamba nafsi zote ni sawa mbele ya Mungu, na papo hapo walimiliki watumwa, Bethlehem kwenyewe na zaidi Salem, mji wao mwingine huko North Carolina. Mfano mmoja ninaoujua ni wa kijana wa Kiigbo aliyeitwa Ofodobendo Wooma, aliyetekwa utotoni Afrika Magharibi, akauzwa na kuuzwa tena hadi New York, akafikishwa Bethlehem, akabatizwa mwaka 1746 kwa jina la Andreas. Maisha yake yameandikwa kwa maneno yaliyotoka kinywani mwake na yamehifadhiwa. Alikufa mwaka 1779, akazikwa katika makaburi ya mji pamoja na wengine wote.

Makaburi hayo ndiyo ningeanza nayo kama ningekuwa Mwalimu. Mawe yote yamelazwa chini, yote karibu sawa kwa ukubwa, bila ya kaburi la tajiri kuinuka juu ya la maskini. Watu walizikwa kwa kufuata makundi yao, na kwa namna hiyo Mjerumani akalala karibu na Mmohikani, mwenyeji wa Amerika, na karibu na Mwafrika. Yuko Johannes, Mmohikani aliyekuwa mmoja wa wabatizwa wao mashuhuri wa mwanzo, aliyekufa mwaka 1746. Jambo hilo lilikuwa kubwa kwa zama zile, na ni haki lisemwe. Na ni haki vilevile kusema kwamba huko Salem, kuanzia mwaka 1816, watu weusi waliacha kuzikwa pamoja na weupe wakatengewa makaburi yao. Usawa uliokuwapo ulirudishwa nyuma na wajukuu, walipoanza kuiga desturi za majirani zao.

La tatu, wenyeji walioingia katika dini hiyo hawakupata amani kwa pande zote. Novemba 1755 wapiganaji wa kienyeji waliokuwa upande wa Wafaransa waliishambulia stesheni ya Gnadenhütten ya Pennsylvania, wakaua watu 11. Halafu Machi 1782, katika kijiji kingine chenye jina hilohilo huko Ohio, askari wa mgambo wa Pennsylvania waliwaua Wakristo wa kienyeji 96, wanaume, wanawake na watoto, watu wasiobeba silaha kwa sababu ya imani waliyofundishwa. Mwanafunzi akiyajua haya ataelewa kwamba kukubali dini ya mlowezi hakukumfanya mwenyeji kuwa salama mbele ya mlowezi mwingine.

Naunga mkono mahali hapo kutunzwa. Ninachokataa ni kutunzwa kwa majumba huku watu wakisahauliwa.

Bi Rungwe alijibu:

Shikamoo Mzee wa Barani, na salamu kwako Mwalimu. Mimi nimeolewa hapa Malindi lakini nimezaliwa Rungwe, kwa wazazi Wamoravian, na nimelelewa katika kanisa hilo. Nasema hivyo mapema ili mjue ninakosimama.

Yote aliyoyasema Mzee ni kweli, na kanisa lenyewe limeanza kuyasema. Mwaka 2006 jimbo la kusini la Kanisa la Moravian huko Marekani liliomba radhi kwa kushiriki utumwa, na katika makumbusho ya Old Salem upo mradi wa kutafuta mahali walipoishi watumwa wa mji ule, nyumba kwa nyumba, na kuwatafuta wazao wao. Kazi hiyo inawezekana kwa sababu Wamoravian walikuwa watu wa kuandika. Waliandika shajara ya mji kila siku, walichora ramani, na kila mshiriki alitarajiwa kuacha habari za maisha yake zisomwe siku ya mazishi, awe mwanamume au mwanamke, mfinyanzi au kiongozi. Habari za Andreas zimetufikia kwa njia hiyo. Majengo ni mazuri, lakini kwangu mimi makaratasi hayo ndiyo urithi ulio juu, kwa kuwa yanampa mtu wa chini jina, mahali alipozaliwa na alichokiogopa, na baadaye yanaweza kutumika kuwahukumu walioyaandika.

Nawaomba pia msiyaone makazi haya kuwa ni habari ya Wazungu na Marekani peke yake. Idadi kubwa kabisa ya Wamoravian duniani sasa iko Tanzania. Wamishenari walifika Rungwe mwaka 1891, wakati Wajerumani wanaijenga himaya yao, na mwisho wa karne hiyo wakachukua kazi ya Urambo iliyokuwa imeanzishwa na chama cha Waingereza. Maneno tuliyofundishwa tukiwa wadogo, kwamba Mwanakondoo ameshinda, tumfuate, ni yaleyale ya Herrnhut. Na kitabu kidogo cha mafungu ya kila siku, ambacho nyumbani kwetu kilisomwa kabla ya chai, kimekuwa kikichapishwa Herrnhut kila mwaka tangu 1731. Wazee wetu waliyapokea hayo wakayafanya yao, kwa lugha zao na kwa ngoma za sauti zao, na hakuna anayeweza kutuambia leo kwamba ni mali ya mtu mwingine.

Ukitaka mfano wa Afrika ulio wa kale zaidi, Mwalimu, uangalie Genadendal ya Afrika Kusini. Georg Schmidt alifika Rasi mwaka 1737, akaanza kuwafundisha Wakhoikhoi katika bonde la mbali. Wachungaji wa kanisa la Wadachi walimpinga kwa kuwabatiza watu bila ya idhini yao, naye akaondoka mwaka 1744. Kwa karibu nusu karne hakuna Mmoravian aliyerudi. Walipofika wengine mwaka 1792 walimkuta mwanamke mzee wa Kikhoikhoi, Vehettge Tikkuie, aliyebatizwa kwa jina la Magdalena na kuitwa Lena, akiwa bado na Agano Jipya aliloachiwa, amelifunga katika ngozi ya kondoo, na alikuwa ameendelea kuwakusanya wenzake chini ya mpea kusali. Macho yake yalikuwa yamefifia, kwa hiyo aliyewasomea wageni alikuwa mwanamke mwingine aliyejifunza kusoma kutoka kwa wale wa kwanza. Mji uliokua pale ulipewa jina la Genadendal mwaka 1806, na Nelson Mandela mwaka 1995 akaipa jina hilo nyumba yake rasmi ya Cape Town.

Nimemtaja Lena kwa makusudi. Anayesema kwamba dini hiyo ililetwa tu, na kwamba Mwafrika alikaa akipokea, amjibu kwanza mwanamke huyu aliyeibeba miaka yote hiyo bila ya mmishenari hata mmoja.

Na kwa wanafunzi wako wa kike: mwaka 1742 Benigna, binti yake Zinzendorf, akiwa na umri wa miaka 16, alifungua shule ya wasichana karibu na Philadelphia, ambayo baadaye ilihamia Bethlehem na ndiyo chimbuko la chuo kikuu alichokitaja ndugu yetu. Katika nyumba ya wanawake waseja, wanawake waliongoza wanawake, wakashika hesabu za kazi zao na wakaheshimiwa kuwa wazee wa kundi lao. Hayakuwa maisha ya uhuru kamili, kwa kuwa hata ndoa ziliamuliwa kwa kura hadi mwanzoni mwa karne ya 19, lakini ni nadra kuona katika makoloni ya wakati ule wanawake waliosimamia mambo yao kwa kiasi hicho.

Mwalimu wa Muyeye aliandika:

Nawashukuru sana nyote watatu, na Mzee hasa kwa kunirudisha kwenye swali lenyewe. Sehemu ya kwanza na ya pili sasa ninaziona vizuri. Bado nahitaji msaada katika ya tatu. Kanisa la Wareno hapa Malindi wanafunzi wanalijua, wanapita hapo wakienda ufukweni, lakini naona halilingani na Bethlehem, kwa kuwa hakukuwa na jamii iliyopanga maisha pale. Je, katika pwani yetu upo mji au kijiji ambacho wamishenari walikipanga watu wakaishi ndani yake?

Mtembeza wa Gede alijibu:

Umesema kweli kuhusu kanisa la Wareno, Mwalimu. Lile ni jengo dogo lenye makaburi kando yake, na hukumbukwa kwa kuwa Francis Xavier alipita hapa mwaka 1542 na akamzika baharia wa Kireno. Nguzo nayo ni alama ya safari: msalaba wa jiwe lililotoka Ureno uliosimamishwa juu ya mnara wa matumbawe ya hapa, kumbukumbu ya Vasco da Gama kupokelewa na mfalme wa Malindi mwaka 1498. Ni vitu vya wapita njia, na thamani yake ni kutuonyesha kwamba Malindi ilichagua kuwakaribisha wageni ambao Mombasa haikuwataka.

Kinacholingana na Bethlehem kipo kusini zaidi. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na chama cha kimishenari cha Waingereza, alianza stesheni ya Rabai mwaka 1846 pamoja na Johannes Rebmann. Baadaye, mwaka 1875, chama hichohicho kilianzisha Frere Town upande wa bara wa Mombasa kwa ajili ya watumwa waliokombolewa na manowari za Uingereza. Pale utapata yote unayoyatafuta: nyumba zilizopangwa, kengele ya kuwaita watu, shule, mashamba, sheria za ndoa na za ulevi, na watu wa asili mbalimbali kutoka Nyasa hadi Uyao walioambiwa wawe jamii moja. Rabai nako wakaja watoro waliokimbia mashamba ya pwani, pamoja na haya yetu ya Malindi ya karne ya 19 yaliyolima nafaka kwa mikono ya watumwa, na wenye watumwa wakawajia juu wamishenari kwa kuwahifadhi.

Uwiano mwingine ni wa lugha. David Zeisberger, Mmoravian aliyeishi na Walenape sehemu kubwa ya maisha yake, alichapisha kitabu cha kuwafundisha watoto kusoma lugha yao mwaka 1776. Krapf alichapisha sarufi ya Kiswahili mwaka 1850 na kamusi yake ikatoka mwaka 1882, akiwa amekwisha kufa. Wote wawili waliandika kwa ajili ya kuhubiri, na kazi zao zimebaki kutumiwa na watu ambao mahubiri hayakuwagusa.

Mzee wa Barani alijibu:

Hapo tumekubaliana, ila ongeza makaya, Mwalimu. Usimwache mtoto aondoke akidhani kwamba makazi ya dini yaliyopangwa yaliletwa na wamishenari. Kaya ya Kimijikenda ilikuwa ni mji uliozungukwa na msitu, wenye milango ya kuingilia, mahali pa mkutano wa wazee, fingo lililozikwa kuulinda, na makaburi yenye kuheshimiwa. Nayo iliingia katika orodha ya dunia mwaka 2008, kabla ya hao wote isipokuwa Lamu. Rabai ni mahali pazuri pa kufundishia kwa sababu kanisa la Krapf na kaya za Warabai ziko karibu karibu, na wazee wa kaya ndio waliomruhusu Krapf akae. Huko Pennsylvania hakuna mzee wa Kilenape aliyekaa na Zinzendorf na kumpimia kiwanja kwa hiari yake pale Bethlehem. Mwanafunzi aliyeuliza swali akizitazama ruhusa mbili hizi, ile iliyoombwa kwa wenye nchi na ile iliyonunuliwa kwa mtu wa tatu, atakuwa na jambo la kuandika.

Ombi langu ni kwamba mwende na Rabai pia, hata ikibidi safari ya Gede ipunguzwe muda.

Bi Rungwe alijibu:

Mkienda, Mwalimu, mpe kila mwanafunzi kazi ya kuandika habari za maisha ya mzee mmoja wa nyumbani kwao, kwa maneno ya mzee mwenyewe, ukurasa mmoja au miwili: alizaliwa wapi, alihama kwa nini, nani alimfundisha kusali. Ziwekwe katika maktaba ya shule kwa jina la mzee na mwaka. Karatasi nitanunua mimi.